Ushahidi wangu wa koti la kijani

Mjukuu wangu Tumaini,

Kwa heshima zote naitangazia familia kwamba panya wametoboa kofia yangu ya sufu, upande wa sikio la kushoto. Mengine huku Igowole ni mazuri. Bibi yako anakusalimu, na viazi vimeota.

Umeniuliza kutoka huko chuoni Mbeya, unakosomea haki jinai, kama shahidi asiye mwongo anaweza kumfungisha mtu kimakosa. Mimi nilikaribia. Nilikuwa kijana, asubuhi ya ukungu ule wetu unaofanya hata michai ionekane inatembea, nikamwona mtu anapita kama anaelea, kondoo begani. Kesi ya wizi wa kondoo huyo ilipofika mahakamani, nikaapa kwamba ni jirani yetu Chaula, maana koti lake la kijani nilikuwa nalijua. Zaidi ya neno langu hapakuwa na ushahidi mwingine wa kumpeleka jela.

Hakimu akaniuliza taratibu, "Kijana, koti hilo alinunua wapi?"

"Mnadani, mheshimiwa."

"Na hilo ulilovaa wewe?"

Nikajitazama. Belo moja la mitumba lilikuwa limevisha kijiji kizima. Nikageuka, mabenchi yote yamejaa makoti ya kijani. Mtu akanong'ona, "Basi tufungwe wote."

Chaula akaachiwa. Nilirudi nyumbani ndani ya ukungu uleule, nikiwaamkia watu bila kuthubutu kuwataja majina. Mpaka leo nikitaka kusema nimeona, huwa natazama kwanza koti nililovaa.

Uzeeni Chaula alikuja kuniambia mwenyewe: kondoo yule, ni yeye aliyemchukua.

Babu yako