Daraja la Miaka Mia, Kashojwa

Alhamisi, 11 Septemba 2025
Leo tumemwaga zege la sakafu ya daraja. Mgongo wangu! Juani kutwa, mashine inakohoa. Lakini limekaa vizuri — jembamba, laini. Tumelifunika kwa maturubai. Nimemwambia Anatole, kapita wetu Mkongo anayesimamia vibarua, amwagilie kila siku na asiyaondoe mpaka nirudi, zege lisikauke haraka likapasuka. Akaitika.

Bosi Swaibu alipiga simu kutoka Mbarara kuuliza kama pesa yote imeshaingia mtoni. Ucheshi aliotoka nao jeshini. Yeye alitaka zege la kawaida. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania hili la nyuzi za chuma: ghali leo, lakini miaka mia bila viraka. "Miaka mia ya nani?" aliniuliza. "Hii watu itarudi kwao."

Hii watu iko hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi, tangu kabla sijazaliwa.

Jumapili, 14 Septemba
Nyumbani Mbarara. Nimelala mchana kutwa kama mgonjwa. Mama anasema nimekonda, mtoto wa kambi ya jeshi aliyelelewa kwa ugali wa posho na maharage, leo anashinda na chai tu.

Hesabu ya moshi hainitoki kichwani. Zege hili linakula simenti karibu mara mbili ya lile la kawaida, na simenti yote hiyo imechomwa tanuruni. Linajilipa kwa kuishi muda mrefu tu. Likifa mapema, tumechafua hewa bure. Nilisema hivyo mkutanoni kwa kujiamini kabisa.

Jumanne, 16 Septemba
Sina hata nguvu ya kuandika. Nimerudi Kashojwa, nimekuta sakafu iko wazi, imekauka, ina nyufa nyembamba kama nywele kutoka ukingo hadi ukingo. Anatole anatazama viatu vyake.

Aliyenieleza ni Bénédicte, kiongozi wa kina mama. Bibi Kantengwa, mkongwe wa kijiji, alifariki Ijumaa. Watu wakaja kilioni kutoka vijiji vyote, jua linawaka, wazee wamekaa chini. "Tulibeba zile bashi za daraja, mama injinia. Batu balikuwa mingi, fasi ya kivuli hakuna. Tulikanyaga ile zege, tukaona iko nguvu." Hata maji ya kumwagilia yalitumika kuwapikia waombolezaji.

Hayo maturubai, bashi zake, wameyaosha, wameyakunja, wameyarudisha yote. Nimkasirikie nani? Kwa Anatole turubai ni la kukinga mvua au jua lisichome watu. Nani amewahi kufunika daraja na kuacha wafiwa juani? Nimekasirika tu, basi, na hasira haina pa kwenda.

Jumatano, 17 Septemba
Mbarara tena. Jana kabla ya kuondoka nilimwaga maji juu ya nyufa. Yalinywewa yote. Yakifika kwenye nondo, kutu. Miaka mia imekuwa kumi na tano, labda ishirini.

Swaibu hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Goreti, wewe utaamua. Tunavunja, tunaweka ya kawaida. Ama unaacha hivyo, na jina yako iko pale." Nikivunja, simenti yote ile ni hasara, na vifusi vyenye nyuzi za chuma vitatupwa wapi — kwenye mafunjo ya mtoni? Nikiacha, gharama itawaangukia watu wa Kashojwa wakati mimi niko kwingine, na hakuna atakayekuja kuwajengea tena. Nimesema nitajibu Ijumaa. Sikula.

Ijumaa, 19 Septemba
Kashojwa. Niliamua njiani: tunavunja. Nilikuwa na maneno yote tayari.

Mvua ya jana imejaza mto. Magogo ya kuvukia yamechukuliwa na maji, yale ambayo kila mtu alikuwa akipitia. Nimepanda juu ya daraja kuonyesha pa kuanzia kupasua, na nyundo mkononi. Anatole akaniuliza tutapasua lini.

Watu wamejaa pande zote mbili. Ng'ambo kuna mama mjamzito, uchungu umemshika, amekalishwa kwenye kiti cha plastiki, nduguze wamekishika. Zahanati iko upande huu. Hakuna anayekanyaga sakafu. Bénédicte amewazuia, anasema injinia bado anapima, tumwache amalize.

Simu inalia. Swaibu. Naiacha ilie.

Nimekaa katikati naandika, ili nionekane napima. Nyufa naziona, zinapita chini ya magoti yangu; leo sakafu inabeba watu, kutu ni ya baadaye. Nduguze wamekinyanyua kiti, wanakuja nacho darajani.