Kwa Nini Limi Hapandi Gari Letu

Jumamosi, Somanda, hapa Bariadi. Upepo wa kiangazi umeanza tangu asubuhi, malori ya pamba yanapita, na vumbi lote linaishia kwenye kamba yangu ya nguo. Nimefua mara mbili.

Leo mkaguzi wa bima alikuwa anakuja kuliangalia gari.

Nieleze kidogo, kwa anayepita huku kwa bahati. Gari letu ni Noah nyeupe, linang'aa utadhani limeshuka melini jana. Lakini lilipokuwa la mtu mwingine liliwahi kuvamia kundi la ng'ombe barabara ya Lamadi. Kampuni ya bima ikasema halifai tena kutengenezwa, ikamlipa mwenyewe, ikalifuta. Mabaki yakapigwa mnada. Mume wangu, Masanja, akayanunua kwa ng'ombe wa mama yake, zizi zima, na fundi mmoja wa Mwanza akalinyoosha mpaka likasimama.

Sasa kuna shule hapa mjini inataka kutupa kazi ya kubeba watoto, asubuhi na jioni. Sharti lao ni bima kubwa. Ile ndogo, ya kulipa watu wa nje tu, hawaitaki. Jibu wanalitaka Jumatatu.

Baba yangu alikuwa akisimulia kwamba enzi zao bima ilikuwa ya serikali peke yake, ukikataliwa umekataliwa. Siku hizi soko huria, kila kona ya Bariadi kuna wakala na mwavuli wake. Wa kwanza tulimweleza ukweli, akasema hapana. Wa pili akakunja uso. Kwa wa tatu Masanja akasema gari halijawahi kupata ajali. Nilikuwa nimekaa pembeni yake. Nikatazama kucha zangu. Kusema kweli, ile kazi ya shule niliitaka kuliko yeye.

Kikabaki kitu kimoja: kumnyamazisha mama mkwe.

Mayu, yaani mama, ndivyo tunavyomwita, ni mwanamke wa heshima zake. Jumapili anakaa kiti cha mbele huku Masanja akipitia waumini njiani, na mimi na binti yetu Limi tunatembea kwa miguu. Masanja aliniambia mama yake amekataza: gari lililoua ng'ombe, mtoto mdogo asilipande mpaka mwaka uishe. Sikuuliza. Mambo ya namna hiyo mkwe hamhoji mama mkwe wake, unainamisha kichwa unatembea.

Lakini Mayu hana siri kuhusu ng'ombe. Kwake, mtu aliyeuza zizi zima lazima awaonyeshe watu ng'ombe walikokwenda, la sivyo watasema wameliwa. Kwa hiyo Masanja alimpangia safari ya Sola kwa dada yake. Akagoma.

"Mgeni anakuja kwangu, mimi niende Sola? Atakula nini?"

Akachemsha michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, akaniwekea karanga nikaange.

Mkaguzi alifika saa nne, kijana mpole, kalamu sikioni. Akataka aanze na gari. "Mwangaluka, baba," Mayu akamsalimia kwa Kisukuma. "Kaa kwanza." Kumbe ni mtoto wa Nyalikungu, pale Maswa. Nilipomsikia akiitikia Kisukuma nilijua mazungumzo hayatakuwa mafupi. Wakaulizana ukoo, wakaulizana pamba. Kisha akauliza, kwa adabu tu, kama anavyouliza mtu yeyote aliyelelewa huku:

"Na ng'ombe, mayu, wazima?"

"Ng'ombe zangu zile pale!" Akanyoosha mkono kwenye gari. "Lilikufa kule Lamadi, watu wa bima wakalizika. Mwanangu kalifufua!"

Jamani, fahari iliyokuwa usoni mwake.

Kijana akaweka kikombe chini taratibu. Akaomba mkeka, akalala chini ya gari. Tukawa tunaona viatu vyake tu. Masanja hakukaa wala hakusimama vizuri.

Alipotoka hakugomba, na hilo liliniumiza zaidi.

"Kaka, chesisi imeungwa. Pale mbele, upande wa kushoto."

"Fundi alikuwa mzuri," Masanja akasema.

"Inawezekana. Lakini mlisema halijapata ajali. Ningeandika hivyo, siku likigonga, kampuni ingeona weldi hiyo hiyo na isingelipa kitu. Na watoto wa shule wamo ndani."

Akamwona Limi mlangoni. Akauliza kama na yeye atakuwa anapanda kwenda shule.

Nikajibu haraka, nikitaka tu tuhamie kwingine. "Huyu hapandi. Bibi yake amekataza, kwa sababu ya wale ng'ombe waliokufa."

Mayu akanigeukia. "Nani kakataza? Mimi? Neno hilo mimi sijalisema tangu nizaliwe."

Masanja alikuwa anatazama tairi.

Mkaguzi ameondoka. Amesema gari lipelekwe Mwanza likapimwe chesisi, turudi na majibu na ukweli wote, huenda kampuni ikakubali. Huenda. Shule haitangoja huenda yetu.

Mchana nilimfuata Masanja nyuma ya nyumba. Nikamuuliza swali moja tu: kwa nini Limi hapandi.

"Ukikanyaga breki ghafla linavuta kushoto. Kidogo tu."

Kidogo tu.

Nina hasira, na sizimalizi kwa kuandika. Si kwa sababu ya bima, uongo ule tuliubeba wote wawili. Ni kwamba mtoto wake alimtoa mapema, kimya kimya, akamsingizia mama yake, na watoto wa wenzetu alikuwa tayari kuwapakia. Kisha najiuliza, mimi ningejua kuhusu hizo breki ningefanya nini? Ningependa kusema ningepiga kelele. Sina uhakika, na hilo linanitisha.

Jumatatu nitakwenda shuleni mwenyewe kuwaambia hapana.

Sasa hivi Limi ameniuliza kama kesho tutatembea tena kwenda kanisani. Nimemwambia ndiyo.

"Na bibi?"

"Na bibi."

Akafikiri kidogo. "Na baba?"

Masanja alikuwa amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi. Nikamwacha ajibu mwenyewe. Amezitazama, amezitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, juu kabisa.

"Na baba," amesema.