Mdalasini wa Fransisko

Mlali,
24 Juni 1979

Mama mkwe wangu,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Magoti yanasemaje tangu niliposhuka huko? Sisi huku tunapumua. Lukasi anaota meno na hataki kulazwa chini, ndiyo maana mwandiko wangu unapanda na kushuka kama njia ya kwenu.

Mama, nimerudi na maneno yangu yote kama nilivyopanda nayo. Nilikuja kukupa habari ya Fransisko uso kwa uso, maana habari ya namna ile haitumwi kwa karatasi. Ukanisikiliza mpaka mwisho, kisha ukainuka ukaenda kuchuma mboga. Majirani walipoanza kuja na mikeka yao ukawauliza, "Nani kafa hapa?" Wakarudi nayo. Sikulaumu. Mimi mwenyewe, siku wale askari wawili walipokuja na katibu kata wakanikuta natwanga, niliendelea kutwanga mpaka mahindi yakawa vumbi.

Ila kuna jambo nililimeza huko kwa kuuona uso wako. Askari waliacha maagizo. Ili watoto wapate mafao ya baba yao, ukoo ukae kikao, ukubali kifo, umchague msimamizi, na muhtasari ufike mjini kabla ya miezi sita tangu alipofariki. Alifariki Aprili huko Uganda. Basi mwisho ni Oktoba. Baba mdogo Andrea yuko tayari kuitisha kikao, lakini anasema, "Mimi ni mdogo wa baba yake tu. Mwenye mtoto ni Veronika. Nikae msiba ambao mama wa mtoto anaukataa, nani atanielewa?"

Naomba umwambie neno moja tu. Barua hii nampa Mwaisha wa ndizi. Yeye ndiye atakayeniletea jibu siku ya gulio.

Ni mimi mkweo,
Mama Kristina


Kinole,
15 Julai 1979

Mkwe wangu Mama Kristina,

Milele amina. Marahaba. Barua nimeisoma mwenyewe. Mwalimu wa kisomo alitaka kunisomea nikamwambia kaa huko, ulinifundisha ya nini. Magoti ni yale yale.

Hao askari wamekosea mtu. Akina Fransisko ni wengi, hata kwaya ya hapa inao watatu. Nani kamwona? Kaburi liko wapi? Msiba bila maiti ni uvumi.

Mdalasini wake umekomaa. Ule alioupanda pale ukingoni mwa shamba kabla ya kwenda jeshini. Watu wanakuja kutaka magome, nawafukuza. Atakata mwenyewe akirudi.

Mwambie Kristina baba yake anachelewa tu.

Nimekutumia ndizi na tangawizi. Andrea asinisumbue.

Mamako,
Bibi yake Kristina


Mlali,
9 Septemba 1979

Mama,

Shikamoo. Poleni na baridi ya huko juu. Ndizi tulikula na majirani, tangawizi bado ipo, naweka kidogo kidogo kwenye chai isiyo na sukari, maana sukari duka la kijiji imekuwa ya kusikia kwa watu. Watoto hawajambo. Mimi nimechoka, Mama, sitakuficha. Asubuhi shamba la kijiji, mtoto mgongoni, jioni shamba langu, na balozi wa nyumba kumi bado anasema nyumba yangu ina upungufu wa siku za kazi. Nikamwambia, "Ongeza na za mume wangu, alikuwa kazini kwenu pia." Akaangalia pembeni.

Uliuliza nani kamwona. Sasa yupo. Alikuja kijana anaitwa Salum Pazi, mtu wa mjini hapa Morogoro, walikuwa kombania moja. Aliketi mlangoni, chai hakuinywa. Alisema yeye na wenzake ndio waliomzika, chini ya mti karibu na kanisa, na kwamba yeye Mwislamu ndiye aliyetafuta mtu wa kusoma sala za Kikristo. Akatoa kitu mfukoni, kimefungwa kwenye kitambaa. Ni ile rozari ya mbegu uliyomtungia mwenyewe, yenye mbegu moja nyeupe pale ulipoishiwa nyeusi.

Ninayo. Siitumi kwa Mwaisha, isije ikapotea. Ukitaka kuishika, njoo, au nitapanda nayo.

Na nyingine, Mama, usikasirike. Usinitume tena kumwambia Kristina kwamba baba yake anachelewa. Nilimwambia mara moja, kwa kukutii. Tangu hapo kila lori likisimama barabarani anaacha chakula anakwenda kusimama mlangoni.

Oktoba inakuja. Nasubiri neno lako.

Mkweo,
Mama Kristina


Mlali,
18 Novemba 1979

Mama,

Shikamoo. Natumaini uko mzima, kwa sababu Mwaisha anasema anakuona sokoni Kinole unabishana bei kama kawaida. Mara mbili ameniletea mananasi yako. Barua hakuna. Mananasi ni matamu, Mama, lakini hayajibu.

Oktoba imepita.

Nilikwenda mjini hata hivyo. Nilimwacha Kristina kwa jirani, Lukasi nikambeba, nikakaa kwenye foleni mpaka karani akaniita. Kijana mdogo, shati limenyooka. Akaangalia karatasi zangu akasema, "Dada, umekuja kuteka maji bomba limefungwa."

Nikamwuliza, "Limefungwa na nani?"

"Na tarehe. Miezi sita tangu kufariki."

"Alifariki Aprili, mimi nimeambiwa Juni. Hiyo miezi ambayo nilikuwa bado namfulia mashati yake mnaihesabu ya nani?"

Watu kwenye foleni wakacheka. Mama mmoja akasema, "Mjibu, baba, usikodoe macho." Karani akaona haya kidogo. Akasema, "Haya, hata tukihesabu kuanzia Juni, muhtasari wa ukoo uko wapi? Mbona hamkukaa?"

Nikasema, "Mama yake bado anamsubiri."



Karani alikwenda ndani, akarudi na mkubwa wake. Mkubwa akasema iko kamati ya rufaa, inakaa Januari tarehe ishirini na tatu. Nikiwasilisha muhtasari, na yule aliyesababisha kuchelewa akaja mwenyewe kueleza, wataweza kufikiria. Nikauliza kama Baba mdogo anaweza kusema kwa niaba. Akasema hapana. Wanataka kumsikia aliyekataa.

Huyo ni wewe, Mama.

Mkweo,
Mama Kristina


Kinole,
9 Desemba 1979

Mkwe wangu,

Milele amina. Naandika polepole, taa haina mafuta, nimekaa nje kabla jua halijazama.

Unadhani mimi mjinga. Unadhani sijui. Siku ile uliyokuja nilijua kabla hujaketi, kwa jinsi ulivyobeba kanga yako mkononi badala ya kujifunga. Nilikwenda kuchuma mboga ili nisilie mbele yako.

Sasa sikiliza. Matanga yakianuliwa, wajomba zako watakuja kukuchukua wewe na watoto. Ni haki yao. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mama yao ni wewe. Mimi nilizaa mmoja, wa kiume. Ningekuwa na binti ningebaki na wajukuu wa ukoo wangu nyumbani. Sina. Fransisko akiwa hai, wewe ni mkwe wangu na Kristina ananiita bibi. Akiwa amekufa mimi ni nani kwako? Mwanamke mmoja wa mlimani mwenye magoti mabovu.

Kwa hiyo nilisema acha achelewe.

Sikujua kuhusu mlango. Kwamba anasimama mlangoni. Hilo sikulijua.

Veronika


Mlali,
22 Desemba 1979

Mama yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena, maana ya kwanza ni ya mkwe na ya pili ni ya mtoto.

Barua yako nimeisoma usiku, nikaisoma tena asubuhi, nikaenda nayo shambani. Ungeniambia mapema. Mimi nilidhani unanikasirikia.

Wajomba zangu walishakuja. Ilikuwa Agosti, sikukuandikia. Walikuja wawili na jogoo, wakasema nifungashe. Niliwapikia jogoo wao wenyewe, wakala, nikawaambia, "Ukoo wa watoto hawa ni wetu, hilo halina ubishi. Lakini nyumba hii alijenga baba yao, na bibi yao bado hajalia. Siondoki kwenye nyumba ambayo msiba wake haujalala." Mjomba mkubwa akasema nina kichwa kigumu kama mkwe wangu. Nikamshukuru.

Naendelea kukaa Mlali. Baada ya mavuno watoto watapanda kwako kila mwaka, na Kristina akianza shule atapanda kila likizo. Siahidi hivi ili uje mjini. Nimekwisha kuamua, uje usije.

Baba mdogo Andrea ameitisha kikao Jumamosi ya pili ya Januari. Ukoo utakaa kwenye uwanja wako. Ukitaka fukuza mikeka tena. Mimi tarehe ishirini na tatu nitakuwa mjini asubuhi mbele ya ile ofisi, na rozari. Usipokuja sitakunung'unikia. Lakini sitakuandikia tena juu ya jambo hili, sina nguvu ya kuomba mara ya tano.

Kristina nimemwambia. Nilimkalisha juu ya kinu nikamwambia baba amekufa, hatakuja kwa lori. Akauliza, "Bibi anajua?"

Krismasi njema huko.

Mwanao,
Regina


Mlali,
16 Machi 1980

Mama,

Shikamoo. Ulifika salama? Tangu lori lile la ndizi likupandishe hujaniandikia, na uliondoka bila kula. Mwaisha anasema uliteremka njiani ukamalizia kwa miguu. Kwa magoti yale, Mama?

Watoto wazima. Lukasi anatembea akishika ukuta.

Bado nakusikia mle ndani. Yule mzee wa kamati alivyokuuliza kwa upole, "Mama, unaelewa kwa nini uko hapa?" ukamjibu, "Naelewa kuliko wewe, uliyezoea kuandika vifo vya watu." Nilidhani tumekwisha. Kisha ukaiweka rozari mezani, ukasema, "Huyu mtoto hana kosa. Alileta habari kwa wakati. Aliyezuia msiba ni mimi. Niliogopa. Kama mna adhabu ya kuchelewa, mimi ndiye mama wa Fransisko, nipeni mimi." Na walipokuletea wino wa dole gumba ukausukuma, ukaomba kalamu. Yule karani wa shati lililonyooka alinifuata nje akaniambia, "Dada, mkweo huyo angekuwa jemadari."

Mama, jibu limekuja. Wamekubali. Wamehesabu kuanzia siku niliyoambiwa, na kuchelewa kulikobaki wamekusamehe wewe kwa jina lako. Katibu kata alinisomea mbele ya watu, wakapiga makofi. Nilidhani nitaruka. Niliingia ndani nikalala mchana kweupe, mpaka watoto wakaniamsha kwa njaa.

Ningefurahi kwa jambo lingine lolote kuliko hili. Lakini Kristina atakwenda shule na viatu.

Andika hata mstari mmoja. Nitajua uko hai.

Mwanao,
Regina


Kinole,
27 Aprili 1980

Mwanangu Regina,

Milele amina. Marahaba. Sisi huku hatujambo. Nasema sisi kwa sababu Mwaisha amelala hapa leo, mvua imemkatia njia, na anakoroma.

Nilikaa kimya maana nilikuwa na kazi. Baada ya kikao mikeka sikuifukuza, unajua. Lakini watu walipoondoka nililia peke yangu muda mrefu kuliko nilivyodhani mtu anaweza. Kazi hiyo haichanganyiki na kuandika.

Mapema mwezi huu ulitimia mwaka. Padre alisoma misa, akalitaja jina lake pamoja na wengine. Nilipotoka kanisani nilichukua panga nikaenda ukingoni.

Nimekata mdalasini wa marehemu. Wote, mpaka karibu na ardhi, ndivyo unavyokatwa. Andrea alisema ningebakiza mti mmoja wa kumbukumbu. Nikamwambia hajui kilimo. Magome nimeyaanika, mazuri, yanajikunja yenyewe. Mengine nimeuza. Haya aliyobeba Mwaisha ni yenu, weka kwenye chai badala ya sukari.

Mavuno yakiisha mlete Kristina. Visiki vitakuwa vimechipua, nataka anisaidie kuchagua machipukizi ya kuacha. Akiuliza tena kama bibi anajua, mwambie anajua.

Mamako,
Veronika