Mayai ya Maabara

Kibaha, Jumatano

Wameyala. Yote. Wameyakaanga na vitunguu!

Mwezi mzima nimewabembeleza watu wa kijiji cha Magindu waniuzie mayai ya kuku wanaokaa na jogoo, kwa sababu virusi hawakui kwenye chupa tupu, wanataka yai lenye uhai. Kesho ningewaweka humo virusi wa mafua makali yanayowalaza watoto wa kijiji cha Chole, kisha niwajaribie dawa yangu.

Leo wakaja wageni kutoka wizarani kuikagua dawa hiyo hiyo. Baada ya chakula nikaenda maabara, jokofu tupu! Nikakimbilia jikoni kwa Mama Rehema, mpishi wetu.

"Mkurugenzi kasema wageni hawawezi kula dona kavu, mwanangu," akanijibu. "Kwani wewe ulitaka kuyafanyia nini?"

Nimesomea dawa za virusi ng'ambo miaka mingi; leo nikaishia kuchungulia kikaango: vitunguu tu.

Ukumbini kiongozi wa msafara alikuwa anahutubia, shibe imempa sauti. Akanigeukia.

"Ndugu mkemia, taifa linasubiri. Matokeo yako wapi?"

Kipande cha yai kilikuwa bado kimeng'ang'ania masharubu yake. Nikakitazama.

"Yanakuja, Ndugu."

Wakapiga makofi. Mimi nawaza nitawaambia nini mama wa watoto wale wa Chole.

Wageni watarudi mwezi ujao kuiona dawa. Mkurugenzi ameniita pembeni: safari hii niagize mayai mengi zaidi, maana leo hayakuwatosha.