Mtaro Uliouchimba Bila Kuniambia

Baba,

Kabla ya salamu nina swali, na unanijua, sitatulia mpaka niliulize. Nani mwingine alijua? Mzee Saidi, jirani yako, alijua, hilo amekiri. Mkewe naye lazima alijua, maana ndiye aliyewapandishia uji huko shamba la juu. Hata yule mama muuza chumvi pale njiani, alivyonitazama siku ya mazishi, namshuku. Naona Gasorwe nzima ilijua, isipokuwa mtoto wako wa pekee, anayeshona sare za shule kule Musinzira, Gitega, na kujiona mjanja.

Haya, salamu. Nipo nyumbani kwako, nimekalia kile kigoda chenye mguu mfupi. Jumamosi tunamaliza matanga. Watu watajaa uani, na mimi nitasimama kusema neno la familia. Naogopa, Baba. Mbele ya watu hao hao nilimwita jirani yako mwizi.

Unakumbuka tulivyogombana kwenye simu. Nilikuwa kwenye cherehani, redio imewashwa, wanabishana kuhusu bahari. Mmoja anasema bahari ya mashariki imepata joto, na ikipata joto inatutupia mvua nyingi kwa mkupuo, kwa hiyo wenye mashamba ya mteremko wachimbe mitaro mapema. Mwingine akapiga simu akasema huo ni uongo wa watu wanaotafuta misaada. Wakavutana mpaka matangazo ya vifo yakawakatiza. Nikakupigia hapo hapo. Chimba, Baba, shamba la juu limelala vibaya.

Ukacheka kile kicheko chako cha puani. "Hiyo bahari mimi nimeioga. Nani ana kuni za kuipasha moto?" Nikashikilia. Ukasema, "Kama ina homa waipe dawa. Mimi nina maharage ya kupanda." Nikakwambia wewe ni mbishi na utakufa mbishi. Ndivyo nilivyosema. Halafu nikakata simu.

Wiki tano. Hukupiga, sikupiga. Nilidhani umenuna. Simu iliyofuata ilitoka kwa Mzee Saidi, kwamba una homa, na nilipofika ulikuwa hunitambui tena. Ulinishika mkono ukaniita kwa jina la Mama.

Siku ya pili baada ya kukuzika nilipanda shambani. Sikwenda kulia, nilikwenda kukagua. Wewe ndiye uliyenifundisha. Kule kambini Tanzania, tukipewa gunia la unga, ulikuwa unaligeuza kwanza uone kama limefumuliwa chini na kushonwa tena. Labda ndiyo maana nikawa fundi cherehani, mshono uliorudiwa naujua hata kwa kidole. Basi nikafika juu nikaona mshono. Mtaro mpya, kutoka kwenye ua wa minyaa mpaka kwenye mikaratusi, umepandwa majani pembeni kama na mtu anayetaka uonekane wa zamani. Na juu ya mtaro, kipande cha kama hatua ishirini kimebaki upande wa Mzee Saidi.

Ungewaza nini wewe? Sisi tuliorudi kutoka Tanzania tulikuta watu wamejenga juu ya viwanja vya babu zetu. Ulitumia miaka kuhangaikia shamba hili. Mtu akisogeza jiwe la mpaka tu, tunalala macho wazi. Nikajisemea, wamemzika mzee, wameona amebaki binti, wamekata shamba.

Sikumuuliza mtu. Nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa mlima, kiongozi wa kijiji chetu, watu wakaitwa, nikasema. Mzee Saidi akasimama na kofia yake mkononi. Unajua Kiswahili chake cha mjini Muyinga, alikotengeneza baiskeli maisha yake yote. "We mutoto, iyo mutaro ni baba yako alichimba. Mi nilishika kamba tu. Vraiment, kweli kabisa, mi siwezi kuiba udongo ya mufu."

Nikacheka, Baba. Kicheko chako cha puani. Nikawauliza watu, nani hapa hajamsikia baba yangu akiitukana redio? Nani hajamwona akimfukuza bwana shamba kwa maneno? Mtu huyo ndiye aende akachimbe mtaro kwa sababu ya bahari? Watu wakainamisha vichwa. Wengine wakacheka pia. Ubishi wako ndio uliokuwa ushahidi wangu, sikuwa na mwingine. Mkuu akaamua kile kipande kisiguswe mpaka siku ya kumaliza matanga. Mzee Saidi akavaa kofia akaondoka bila kuaga. Mimi nikapanda maharage chini ya mtaro na wanawake wawili wa kibarua, nikarudi Gitega nimejaa hasira.

Mvua ya mwaka huu sitaki hata kuielezea. Nilipokuja wiki iliyopita, kutoka Muyinga mjini tuliteremka kwenye gari mara mbili kwa ajili ya matope. Kwenye mteremko huu wa kwetu mashamba ya watu yameshuka bondeni, yamebaki mawe. Maharage yako yamesimama. Mtaro umejaa udongo mwekundu uliotaka kuondoka ukashindwa.

Unafikiri nilikubali? Nikasema, amechimba mwizi, na bahati imetuangukia sisi. Ndivyo nilivyo.

Jana nilikuwa nasafisha jikoni kwa ajili ya wageni. Juu ya dari ya moshi, nyuma ya mahindi ya mbegu, nikavuta kitu. Miti mitatu imefungwa pamoja, miwili imesimama kama miguu ya mtu aliyeipanua, mmoja umelala katikati, na kijiwe kinaning'inia kwa kamba kutoka juu. Ni kile kipimo cha bwana shamba, cha kutafuta usawa wa ardhi kabla ya kuchimba. Nikakigeuza kama ulivyonifundisha. Nikaona mafundo.

Fundo lako, Baba. Lile la kuzungusha mara mbili na kuficha ncha, ulilojifunza kwenye mashamba ya mwani kule pwani ya Tanga, ulipotoroka kambini kutafuta kazi ukiwa kijana. Ulifungia mbuzi fundo hilo. Ulifungia mfuko wangu wa shule. Likilowa halitelezi, ukivuta ncha linafunguka lote. Hakuna mtu mwingine Gasorwe anayelifunga. Kumbe mtaro ulifuata usawa wa ardhi, si mpaka, ndiyo maana kile kipande kikabaki juu yake. Nilikaa chini palepale kwenye majivu nikalia, na nilikuwa sijalia tangu tukuzike.

Nikaenda kwa Mzee Saidi. Hakunikaribisha ndani. Mkewe ndiye aliyenipa mkeka, na mzee akazungumza akiangalia mlango. "Bon, baba yako alisema kule pwani maji ilikuwa moto. Mwani ikageuka nyeupe, ikakatika, ikapotea yote. Akasema, Saidi, mi nilijua ile maji iko na ugonjwa, miguu yangu ilisikia. Lakini nilikuwa na hasira, nikasema patron ametia dawa."

Mimi uliniambia habari ya dawa tu. Nimekua nayo. Tajiri wenu alisema mwani umekufa kwa uvivu wenu, ninyi mkasema ametia sumu ili asiwalipe, mkaachana hivyo. Habari ya maji ya moto ulimpa jirani. Hilo linaniuma, sitakuficha. Miaka yote hiyo ulikuwa na habari hiyo kwenye miguu yako, na mimi nakuhubiria maneno ya redioni kama mtu aliyewahi kuiona bahari.

Nikamuuliza kwa nini hukuniambia. Akasema, "Alisema, mutoto akiona nimechimba atacheka. Tuchimbe akiwa Gitega. Mvua ikifika nitamwita ajionee, nitamwambia mwenyewe." Nikamuuliza mlianza lini. Akahesabu kwa vidole, akataja siku. Ilikuwa kesho yake, Baba. Mimi nimekata simu jioni, wewe asubuhi umechukua jembe.

Wiki tatu ulichimba, na umri ule. Sasa anayeshukiwa ni mimi. Mzee Saidi anasema homa ni homa, ungeipata hata umelala. Sijui kama anasema kweli au ananihurumia, na sina gunia la kugeuza.

Usidhani nimelainika kabisa. Juzi amepita bwana mmoja, viatu safi kwenye matope haya haya, anataka saini yangu tupande miti ili matajiri wa mbali waendelee na moshi wao na kusema wameshatulipa. Naye alianza na bahari. Nimemwambia aache karatasi, nitaisoma mpaka nyuma. Inawezekana bahari inaumwa kweli, na bado wanaotutangazia ugonjwa wake wanatafuta lao. Nadhani wewe ulilijua hilo kabla yangu, ndiyo maana ulimtukana bwana shamba ukabaki na kipimo chake.

Jumamosi, kwa desturi, aliyekosa huleta chungu cha pombe, na aliyekosewa hunywa naye kwa mirija miwili. Mzee Saidi hanywi pombe. Nimeivisha ndizi zako za nyuma ya nyumba, nitakamua mutobe, juisi ya ndizi, mtamu, kabla haujachacha. Nitaubeba mwenyewe mpaka mbele yake, na nitasema kwa sauti ile ile niliyomwitia mwizi. Kama atakataa mrija, nitabaki nimesimama na chungu watu wote wakiona. Ni haki yake.

Akikubali, nitamwomba anishikie kamba. Shamba la chini nalo limelala vibaya. Nitachimba mtaro wa pili kabla ya kurudi Gitega, kwa kipimo chako, na mafundo sitayafungua. Hiyo ndiyo ahadi yangu.

Umeshinda kwa kukubali kushindwa, mbishi wangu, na hukunipa hata nafasi ya kucheka. Lala salama, Baba. Kwaheri. Safari hii sikati mimi.

Mwanao,
Gaudensia