Kitufe Nilichombonyezea Baba

Ndalu, Tongaren
Jumamosi, tarehe 1 Machi 2025

Mpendwa Senge Rispah,

Najua barua huanza na salamu, lakini nikianza na salamu nitajificha humo ndani kama kawaida yangu. Kwa hivyo acha nitangulize jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Ile habari ya marehemu Joy iliyosambaa mtandaoni mwezi uliopita, ile baba alikutumia akisema ni kazi ya maadui wa shule yetu, niliiandika mimi. Na ilipokuja kufutwa, mkono wa kwanza kuigusa ulikuwa wangu.

Sasa nakusalimu. Hujambo, Senge, shangazi yangu? Baridi ya huko Uingereza imepungua? Yule mzee unayemtunza bado anakuita kwa jina la binti yake? Sisi huku ni wazima wa mwili. Shamba limelimwa, tunangojea mvua. Mama yuko sokoni na baba amepeleka mahindi kusagwa. Mimi nimefunga shule kwa mapumziko ya katikati ya muhula, kesho jioni narudi.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu siamini tena kitu kinachoandikwa kwa simu. Binamu Hillary anaenda Kitale Jumatatu, ameahidi kuipitisha posta.

Joy Jelagat hukumjua. Kwao ni Cheptais, na kitanda chake kilikuwa juu ya changu. Aliongea kwa niaba yetu sote wawili. Mwalimu akiniuliza swali, Joy ndiye alikuwa anajibu, halafu ananiangalia na kucheka. Siku moja aliniambia, "Wewe Nangila, ukiokoka utatoa ushuhuda kwa meseji."

Mwezi wa kwanza pampu ya kisima iliharibika, tukaanza kuteka maji ya bwawa, pale chini ng'ombe wa majirani wanakunywa. Tulionywa tusiwaambie wageni. Wiki ya tatu Joy akashikwa na homa na tumbo. Aliomba ruhusa ya kwenda hospitali mara tatu. Ile ya tatu nilienda naye nikimshika mkono, na tukaambiwa ati Kidato cha Tatu wanaogopa mtihani. Siku ya nne walimpeleka kwa gari la shule. Hakurudi.

Senge, mimi si daktari. Sijui kama ni maji. Shule inasema ni malaria, na pengine ni kweli. Lakini ile rangi ya maji niliiona, na zile mara tatu nilizihesabu.

Unajua mazishi yetu, lazima darasa lisome risala. Wenzangu walinichagua kuandika, halafu wakasema aliyeandika ndiye asome. Niliandika usiku mmoja, kurasa mbili, kwa Kiswahili. Mwalimu mkuu aliniita ofisini, akachukua kalamu nyekundu. Hakuwa mkali. Alikuwa mpole kabisa, hata alinipa kiti. Akakata bwawa, akakata zile siku nne, na juu yake akaandika maneno yale ambayo yako kwa kila programu ya mazishi: aliugua kwa muda mfupi. Kisha akaniambia niigeuze iwe Kiingereza, kwa kuwa kutakuwa na wageni wa heshima.

Nikaisoma Cheptais, macho yangu kwa karatasi. Mama yake Joy hajui Kiingereza. Tulipomaliza kumzika alinishika kiganja akaniuliza, "Umesema nini juu ya mtoto wangu?"

Nikamwambia nimesema alikuwa mtu mzuri.

"Na aliumwa siku ngapi? Si wewe ulikuwa unalala naye?"

Nikasema, "Siku chache, mama."

Hilo jibu ndilo lilinishinda kulala nalo. Tuliporudi shuleni niliingia chumba cha kompyuta. Jarida letu la shule lina ukurasa mtandaoni. Mwalimu Makokha wa Kiswahili ndiye aliufungua kwa namba yake mwenyewe, na sisi wa chama cha uandishi akatupatia nywila kwa sababu anatuamini. Nikaweka ile risala yangu ya kwanza jinsi ilivyokuwa, kwa Kiswahili, ili mtu amsomee mama yake Joy. Sikuweka jina.

Kufikia Jumamosi hiyo risala ilikuwa imefika mahali sijawahi kukanyaga. Wasichana waliosoma pale zamani waliandika. Mtu wa Malakisi aliandika kuhusu dada yake. Maoni yalipita mia mbili. Nisamehe nikisema hivi, lakini katikati ya huzuni yote nilisikia furaha. Maisha yangu yote nikiongea watu husema, "Ati nini? Pandisha sauti." Safari hii hakuna aliyeniambia nipandishe.

Jumapili wazazi waliitwa mkutano wa dharura, na baba kama mwenyekiti wao ndiye alisimama mbele. Alisema mtu anataka kuua shule, na dawa ni kila mzazi aripoti huo ukurasa hadi wenye mtandao wautoe. Mimi nilikuwa nikigawa chai na wasichana wengine. Baba alishika simu mbali na uso, akaipindua, akaniona.

"Nangila, kuja hapa. Nyinyi ndio mnajua hizi mashini. Mtu anabonyeza wapi?"

Mama Wakonyo, yule wa duka la mbolea, akasema, "Bwana mwenyekiti, hiyo simu imekupita masomo." Watu wakacheka, baba pia akacheka.

Nikaweka birika chini. Nikabonyeza zile nukta tatu, nikabonyeza Ripoti. Simu ikauliza kosa ni gani, ikatoa orodha. Baba akasema, "Chagua ile nzito." Nikachagua Taarifa za uongo. Simu ikatushukuru kwa kusaidia.

Halafu wazazi wakapanga foleni, Senge. Nilishika simu kumi na saba. Kila moja ilinionyesha maneno yangu, na kwa kila moja nikasema ni uongo. Mama Wakonyo alinisifu kwamba nina mkono mwepesi, nikapewa soda, na nikainywa.

Siku mbili baadaye ukurasa haukuwako. Si risala peke yake, yale maoni ya watu yote pia yalienda, hata ya yule wa Malakisi. Unajua kinachoniumiza zaidi? Sasa bwenini wanasema kama ingekuwa kweli isingefutwa. Yaani kule kufutwa ndiko kumekuwa ushahidi.

Usimchukie baba. Wewe ni dada yake, unajua alivyobeba mawe ya lile bweni kwa mgongo akiwa kijana, kabla hata hajaoa. Anaogopa wazazi wakiwatoa wasichana wao shule itafungwa. Anaamini kabisa kwamba aliyeandika ni mtu mbaya. Hajui mtu huyo alikuwa anammiminia chai.

Namba ya ukurasa ni ya Mwalimu Makokha, kwa hivyo yeye ndiye amebebeshwa. Alipoulizwa nani aliandika alijibu tu, "Mhariri ni mimi." Kazi za chama chetu amezisahihisha miaka miwili, anajua sentensi zangu kama anavyojua watoto wake. Wakamsimamisha kazi, na siku anaondoka alipitia darasani kuchukua vitabu. Nilidhani ataniangalia vibaya. Akasema, "Nangila, funga hilo dirisha, vumbi linaingia." Akaenda.

Jumatatu kesi yake ya nidhamu inasikizwa huko Kitale, na baba ataenda kusimama kama shahidi. Wanataja polisi, wanataja sheria ya mtandao. Baba amepiga pasi suti yake ya kijivu tayari, iko hapa mlangoni nikiandika.

Nimejaribu kumwambia. Jana mezani nilisema, "Baba." Akasema, "Eeh?" Nikasema, "Naomba chumvi." Asubuhi nilimfuata hadi zizini nikamwuliza kama ng'ombe amekunywa maji. Alinishangaa, kwa sababu alikuwa anakunywa mbele yetu.

Na nikimwambia, itasaidia nini? Joy harudi. Ule ukurasa haurudi. Nadhani watanifukuza mimi, na mwalimu bado wamfute kazi kwa kutupa nywila. Nimeangalia hii kitu kila upande na sioni mlango. Siku hizi nikishika kalamu nasikia ile nyekundu juu ya mkono wangu kabla sijaandika neno. Hata insha ya darasa, nimeandika mistari mitatu nikakata minne. Nacheka lakini si mzaha, nilikata na kichwa.

Nyuma ya karatasi hii nimeinakili ile risala kutoka akilini. Pengine neno moja au mawili yamebadilika, lakini bwawa liko, na zile mara tatu ziko. Ukipata mtu wa kutoka Cheptais huko, mpe amsomee mama yake Joy kwa simu. Ukikosa, iweke tu kwa sanduku lako. Angalau iwe mahali ambapo haina kitufe.

Nisalimie wanao, na yule mzee. Nyanya yetu Kukhu Agneta anakuombea kila jioni kwa majina yako yote, na mama anauliza kama ulipata zile picha. Mungu akulinde kwa hiyo baridi, na akurudishe kwetu ukiwa bado unanitambua.

Tangu nianze nimeisukuma barua hii chini ya atlasi mara tatu: mara ya kwanza alikuwa Hillary, ya pili kuku, ya tatu upepo. Sasa ni baba. Gambuti zake zimepita kando ya tangi, ameshusha gunia la unga, anagonga nyayo kizingitini kutoa vumbi. Anauliza kuna nani ndani.

Atlasi iko hapa mkononi. Nimeiweka sakafuni. Karatasi iko mezani, na nitakapomaliza mstari huu nitaigeuza upande wa Joy uangalie juu, kisha nitamjibu kwamba ni mimi. Ile ya kwanza haikuwa na jina. Hii inalo.

Mimi mwana wa ndugu yako, nikupendaye hata nikinyamaza,

Nangila Bramwel