Gauni Jeusi la Kifungo

6 Januari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mgongo unasemaje, na ile cherehani kongwe, bado mnavumiliana? Mimi sina hata mafua, na Popo naye hajambo, anakusalimu sana. Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu sisi wawili tunaishia kupigiana kelele, na hili nataka ulisome polepole, ukiwa umekaa.

Harusi tumeipanga. Ni tarehe 18 Mei, saa nane mchana, na itakuwa ya mtindo wa gothiki. Usiende kumuuliza jirani, nakueleza mwenyewe. Ni mtindo wa mambo ya kale na ya giza giza: ukumbi wa mawe wenye madirisha marefu yaliyochongoka juu, mishumaa badala ya taa, mawaridi mekundu yaliyokolea mpaka yanakaribia weusi, keki nyeusi. Mlangoni watakaa kunguru wawili wa mawe, Popo anawachonga mwenyewe. Si uchawi wala mashetani, na hatujajiunga na chama chochote. Unajua navaa nyeusi tangu nina miaka kumi na minne, na unajua kazi ya mume wangu mtarajiwa ni kuchonga mawe ya makaburi. Watu kama sisi tukijipamba kwa pinki tutajicheka wenyewe.

Sasa ombi. Nataka gauni jeusi, la mahameli, mikono ya lesi nyeusi, na nataka ulishone wewe. Dada zangu wote wawili waliolewa ndani ya mishono yako. Sitaki niwe mimi peke yangu niliyeolewa nimevaa nguo ya dukani.

Nakusubiri.

Kitinda mimba wako,
Kifungo

*

17 Januari

Kifungo changu,

Marahaba mwanangu. Mgongo upo, cherehani ipo, na mimi nipo katikati yao. Barua yako nimeisoma nimekaa kama ulivyoagiza, na nilipofika kwenye keki nyeusi nikasimama.

Popo nampenda. Jina hilo nilimpa mimi, siku alipokuja hapa jua kali na koti jeusi, jasho linamtiririka, na hakulivua mpaka akaondoka. Mishumaa sina neno nayo. Kunguru waje. Madirisha yachongoke mpaka yatoboe paa, ni shauri yenu. Lakini gauni jeusi sishoni.

Miaka thelathini na moja nashonea maharusi. Nimeshona nyeupe, nimeshona za rangi ya maziwa, za dhahabu, na moja ya kijani ambayo mpaka leo namwombea yule binti. Nyeusi niliivaa kwa msiba wa baba yako mwaka mzima, na sitaki kuiona tena juu ya meza yangu, tena kwa jina la binti yangu. Nichagulie rangi nyingine yoyote ile. Hata hiyo nyekundu ya mawaridi yenu. Nitakushonea gauni la kuwatoa watu macho.

Nitumie vipimo, na apime mtu mwenye akili timamu. Karatasi za siku hizi ni fupi, mistari michache tu ukurasa umejaa, kwa hiyo naishia hapa. Ulimeza kifungo cha mteja ukiwa na miaka miwili, tukakaa siku mbili tunakingoja. Usinipandishe presha tena.

Mama yako

*

29 Januari

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima na wateja hawakusumbui. Huku kazini tuna vitabu mia nne vya kujalidi kabla ya mwisho wa mwezi, vidole vyangu vina matundu mengi kuliko karatasi. Unaona? Binti wa fundi hawezi kuikimbia sindano. Wewe unashona watu, mimi nashona vitabu.

Vipimo alianza kunichukua Popo, kwa rula ya chuma ya karakanani kwake. Aliniandikia hivi, nakunakilia: urefu 164, upana 41, unene 23. Nikamwambia gauni halipimwi hivyo. Akanuna kabisa, akasema tangu aanze kazi hajawahi kukosea jiwe hata moja. Kwa hiyo nikampa mwenzangu wa kazini anipime upya, na vipimo vya kweli nimevitia ndani ya kifurushi.

Ndiyo, kifurushi. Nimekutumia mahameli nyeusi mita sita na lesi mita tatu, kwa sababu rangi sibadilishi, mama. Na baba usimwingize humu. Buti zangu nyeusi za kwanza alininunulia yeye, wewe ndiye uliyenuna wiki nzima. Dada mkubwa alitaka mkia wa mita nne, ukamshonea, mchungaji akaukanyaga mpaka akayumba. Dada wa pili alitaka vipepeo, ukashona vipepeo themanini kwa mkono. Mimi nataka rangi moja tu. Nishonee, mama. Nakuomba.

Kifungo wako

*

12 Februari

Kifungo,

Marahaba. Mimi sijambo.

Kifurushi kimefika. Mwambie Popo kiuno cha mwanamke hakina upana na unene, kina mzunguko. Vipimo vyake vinafaa siku akitaka kukuzika. Nilicheka mpaka jirani wa saluni akaja kuuliza kuna nini.

Kitambaa nimekishika, ni kizuri, hukudanganywa dukani. Nimekiweka kabatini. Sitakishona. Mjini huko maduka yamejaa, nenda kanunue unachotaka, nami sitasema neno. Sipendi tulumbane kwa barua.

Wasalimie.

Mama yako

*

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nimekaa kimya wiki saba kwa sababu kila nilichoandika nilikichana.

Kadi ya mwaliko ndiyo hiyo ndani ya bahasha. Gauni nimenunua. Ni jeusi, linanibana kwapani, na limeshonwa na mtu asiyenijua. Nitalivaa.

Nina swali moja tu, na nataka jibu la kweli. Unanionea aibu? Kama unawaogopa watu, kwamba watasema binti wa fundi wa maharusi kaolewa kama mwenye msiba, niambie. Nitaumia, lakini nitajua. Kinachoniuma zaidi ni wewe kujificha nyuma ya baba.

Kiti chako kiko mstari wa mbele. Usipokuja kitakaa kitupu, sitamkalisha mtu mwingine.

Binti yako

*

24 Aprili

Kifungo, mwanangu wa mwisho,

Marahaba, tena marahaba mia. Leo sikuulizi afya yako kwanza, nitakwambia yangu.

Sioni.

Si kwamba sioni kabisa. Wewe ukiingia nitajua ni wewe. Lakini jicho la kulia limetanda ukungu tangu mwaka juzi, na la kushoto limeanza kulifuata. Daktari anasema ni mtoto wa jicho, yote mawili. Anasema ukungu huo wanautoa, na siku hiyo hiyo unarudi nyumbani. Nimeogopa. Sina sababu nyingine, nimeogopa tu. Dada zako hawajui. Anayejua ni jirani wa saluni peke yake, kwa sababu alinikuta nammiminia mteja chai pembeni ya kikombe.

Nyeupe naishona. Mshono kwenye kitambaa cheupe unatupa kivuli kidogo, nakifuata hicho, na mengine mikono inajua. Nyeusi inaumeza uzi wote. Uliponiandikia ile barua ya kwanza nilichukua kipande cha kitambaa cheusi nikajaribu. Nilishona kidole. Basi nikamsingizia baba yako, Mungu anisamehe, mtu wa watu hana hata pa kujitetea. Ningesemaje? Bibi harusi gani atampelekea kitambaa chake fundi asiyeona? Hata wewe nilikuficha, nikijua neno likitoka kwangu haliishii kwako.

Halafu ukaniuliza kama nakuonea aibu. Barua hiyo nimeiweka karibu sana na jicho, nikaisoma neno moja moja, na kila neno nimelistahili.

Kesho yake nikatoa mahameli kabatini. Nikaisogeza meza mpaka mlangoni, penye jua la mchana. Uzi mweusi ukanishinda. Nilishona siku nzima, nikaita jirani aje aone, akaniambia mkono wa kushoto nimeuunga shingoni. Alicheka, kisha akaona sicheki, akaniletea mkasi. Nikafumua yote.

Ndipo nikachukua uzi mweupe.

Kwa hiyo gauni lako ni hili, limo ndani ya kifurushi hiki. Ukilifungua usishtuke. Kila mshono unaonekana, kuanzia mabegani mpaka chini, mbavu zako zote zimehesabiwa. Miaka thelathini na moja kazi yangu imekuwa kuficha mshono, na gauni la binti yangu limetoka na mifupa nje. Ubavu wa kushoto umepinda. Nimeufumua mara tatu ukapinda mara nne. Lesi ya mikono imekaa sawa, hiyo niliipapasa kwa vidole tu, na vidole bado ni vyangu. Sindano ndizo zilizonitesa. Jirani alikuwa ananitungia kumi kila asubuhi kabla hajafungua saluni, nazichomeka kwenye mto, nashona mpaka ziishe, na zikiisha ndiyo kazi imeisha siku hiyo.

Kama halifai, vaa la dukani, hili tandika chini ya keki. Sitanuna.

Pindo sijalikunja. Pindo hukunjwa mwenyewe akiwa amelivaa, amesimama na viatu vyake, ukikunja mezani unakosea tu. Mtafute fundi wa huko akumalizie. Mimi siji, mwanangu. Ngazi sizioni, na sitaki wakwe zako wanione napapasa kuta wadhani nimelewa.

Sikukuonea aibu wewe hata siku moja. Nilijionea mimi. Wewe nakupenda na kunguru wako na keki yako ya makaa.

Mama yako

*

1 Mei

Mama,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Nimekuwa nikilia tangu jana saa kumi, sasa nimenawa uso ndiyo naandika.

Kwanza, mimi ni mjinga. Nimezitoa barua zako zote nikazipanga sakafuni. Ya Januari ina mistari kumi na sita kwa ukurasa. Ya Februari kumi na moja. Hii ya sasa ina mistari saba, herufi kubwa kama za ubao wa duka, na ikaja kurasa ishirini na tisa. Nashika karatasi kutwa kucha, ni kazi yangu, na sikuona. Nani kati yetu mwenye ukungu machoni? Nisamehe, mama.

Pili, gauni. Nimelivaa. Halibani popote. Popo alikuwa anakunywa chai, akaweka kikombe chini, akanizunguka mara mbili. Kisha akapitisha kidole kwenye ule ubavu wa kushoto, polepole, akasema kwenye jiwe alama ya patasi inayopinda ndiyo inayoonyesha mkono wa mtu ulipita hapo, na kwamba mtu akiunyoosha huo mshono atagombana naye. Tumetafuta picha na magauni ya gothiki mwaka mzima, mama. Hakuna hata moja lenye mifupa. Hili limeyashinda yote. La dukani nimelirudisha leo asubuhi, na yule muuzaji alipouliza sababu nikamwambia mama yangu amenishonea. Nilijisikia kulisema hilo kwa sauti, basi nikalisema mara mbili.

Tatu, habari ya kutokuja, futa. Umesahau tunafungia ndoa wapi. Ndani mle hakuna taa, ni mishumaa tu, na madirisha ni membamba. Tulifanya mazoezi juzi, mama mkwe akamkumbatia kunguru wa jiwe akidhani ni mjomba wake. Baba mkwe alijikwaa ngazi ya kwanza na ya tatu. Ukumbi mzima utakuwa unapapasa kuta. Hakuna atakayejua nani haoni kwa macho na nani haoni kwa giza, na wewe angalau una uzoefu. Utaingia umenishika mkono. Sijaamua bado nani anamwongoza nani.

Ya daktari tutayasema baada ya harusi. Utaogopa, na mimi nitakuwa nimekaa pembeni nikiogopa na wewe. Dada zangu waambie mwenyewe kabla sijawaambia mimi.

Nne, pindo. Fundi wa huku sijamtafuta na simtafuti. Gauni limetundikwa mlangoni, linaburuza chini kama lilivyotoka kwako. Siku moja kabla ya harusi, saa nne asubuhi, nitapanda juu ya kiti karibu na dirisha kubwa la hapa nyumbani, nimelivaa, na viatu vyangu miguuni, na sitashuka mpaka fundi wangu amalize. Ukichelewa utanikuta hapo hapo juu. Popo anakuja kukuchukua tarehe 15, kwa koti lake lile lile, kwa hiyo utamwona hata akiwa mbali.

Usibebe mkasi, upo. Sindano pia usibebe. Nimeshakutungia kumi, za uzi mweupe, ziko kwenye mto zinakungoja.

Kifungo wako